Popo wa darini: wape njia ya kutoka, ya kurudi ifunge

Kabla ya kumlaumu panya kwa mchakacho wa darini, okota punje moja ya kinyesi kilichodondoka chini ya ukingo wa bati, iweke juu ya karatasi na uiponde kwa kijiti. Kinyesi cha panya kikikauka huwa kigumu, hakikubali kirahisi. Cha mjusi kina ncha nyeupe. Cha popo husagika papo hapo kikawa unga, na ndani ya unga huo utaona vipande vinavyometameta: mabaki ya mbawakawa, nondo na wadudu wengine walioliwa usiku. Usikiponde kwa vidole, wala usikinuse.

Tazama pia ukutani chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Popo wanapopita kila siku mahali pamoja, mafuta ya manyoya yao huacha doa la kahawia linalong'aa kama ukuta ulioshikwa shikwa na mikono yenye samli. Doa hilo ndilo mlango wao. Tundu lenyewe huenda likakushangaza kwa udogo: upana wa kidole cha shahada unawatosha.

Wanaoingia kwenye nyumba zetu za bati hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora na Chumbageni, kwa kawaida ni popo wadogo wanaokula wadudu, wenye uzito wa gramu 10 hadi 30, na mkia uliochomoza nje ya utando wa ngozi ulio kati ya miguu. Hawa hawamo katika wale popo wakubwa wanaogombea maembe na makungu usiku. Wanapenda kujibana kwenye mikunjo ya bati, pale bati linapolala juu ya papi au juu ya fisha bodi, na joto la mchana linalopita nyuzi 40 wanalistahimili. Ndiyo maana kusubiri jua la Februari liwafukuze ni kazi bure.

Watu wengi hukimbilia moshi wa pilipili, mafuta ya taa, naftalini au dawa ya mbu inayopulizwa kupitia tundu la dari. Tunasihi sana msifanye hivyo. Popo akipata moshi mchana hatoki nje kwenye mwanga. Anajisukuma ndani zaidi, anashuka kwenye nafasi ya ukuta, anafia humo, na harufu yake itakaa na familia kwa wiki kadhaa. Wengine hupenya kwenye tundu la taa na kuangukia vyumbani, wakiwa wamechanganyikiwa, karibu na watoto. Mvuke wa naftalini nao unashuka chini kwa waliolala. Na moto chini ya kenchi kavu za miaka 20 hauhitaji maelezo.

Mambo ni mepesi kuliko hivyo, kwa sababu kila jioni popo wenye afya hutoka wenyewe kwenda kula. Unachotakiwa ni kumwekea mlango unaopitika kwa kutoka tu.

Kwanza kabisa, angalia kalenda. Popo hawa huzaa zaidi majira ya mvua, wadudu wanapokuwa tele, na wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ukiziba wakati wa masika au vuli, mama wanabaki nje na watoto wasioweza kuruka wanakufa kwa njaa juu ya dari yako. Ni ukatili, na ni uvundo pia. Miezi mizuri ni ya kipupwe, Juni mpaka Septemba. Hata hivyo usiamini kalenda peke yake. Saa moja baada ya popo kutoka, panda ngazi, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki ili mwanga uwe hafifu, na uchungulie. Ukiona watoto wa rangi ya waridi wasio na manyoya, au ukisikia milio myembamba mahali ambapo wakubwa wameshatoka, shuka, subiri wiki 6, kisha chungulia tena.

Baada ya hapo hesabu milango. Kaeni watu wawili kwa uchache, kila mmoja kwenye kona inayokabili ya mwenzake kwa mshazari ili kila mtu aone pande mbili za nyumba, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu usiku. Kaa mahali ambapo ukingo wa paa unaonekana dhidi ya anga, maana popo mweusi mbele ya ukuta haonekani. Fanyeni hivyo jioni 3 zisizo na mvua. Andika walikotoka na idadi yao. Tundu moja likitoa popo 60 na jingine 2, hayo mawili yote ni milango, lakini lile la kwanza ndilo utakalolibakiza.

Mapengo mengine yote yazibwe kwanza, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Fundi anachanganya saruji na kuishindilia kwenye mikunjo ya bati. Siku ya kwanza inapendeza. Bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, saruji haifuati, na baada ya miezi michache kuna ufa unaotosha popo kupita. Fomu ya kopo, ile povu inayopulizwa ikavimba na kukauka, inakwenda na bati, lakini jua huila na panya huitoboa. Kinachodumu ni waya wa matundu ya robo inchi, yaani milimita 6. Ukate vipande vyenye upana wa sentimita 10, ukunje kila kipande kifuate umbo la mkunjo, ukisukume ndani kibanane, kisha kingo uzipake silikoni ya nje. Sisi tulio karibu na bahari tuchague waya wa chuma kisichoshika kutu au uliopakwa plastiki. Ule wa kawaida, Raskazone na maeneo yanayopigwa na upepo wa chumvi, huliwa na kutu upesi. Matundu ya kupitishia hewa kwenye kuta za pembetatu yafunikwe kwa waya huohuo. Usiyazibe kabisa: paa lisilopumua huozesha kenchi na kupika vyumba.

Kwenye lile tundu kubwa lililobaki weka mlango wa kutokea. Chukua bomba la PVC la inchi 2, ukate kipande cha sentimita 25. Ndani pawe laini. Ukikwaruza, popo anapata pa kushika kucha na kurudi. Upande mmoja uchanje mara nne, kina cha sentimita 3, ili uweze kuupanua na kuupigilia kuzunguka tundu. Ule mwingine uelekee chini, na uuvalishe mfuko mwepesi wa plastiki uliokatwa kitako, wenye urefu wa sentimita 20, ufungwe kwa mpira. Popo anateleza, anatoka, mfuko unajifunga nyuma yake. Popo hawa hawaruki kutoka sakafuni kama shomoro. Hujiachia kwanza, wakapata kasi, ndipo mabawa yashike hewa. Kwa hiyo chini ya bomba pasiwe na kamba ya nguo, tawi, wala paa la kibanda cha kuku, angalau kwa mita moja na nusu.

Kama mlango wenyewe ni pengo refu, tumia wavu wa plastiki wenye tundu lisilozidi milimita 4. Upigilie juu na pembeni, chini uache wazi, ushuke sentimita 50 chini ya pengo na usikazwe. Wavu wenye matundu makubwa huwanasa mabawa, na asubuhi utawakuta wananing'inia.

Acha kifaa mahali pake usiku 7 usio na mvua. Usiku wa kwanza utawaona wanazunguka nyumba wakitafuta njia ya zamani, na huenda mmoja akapata pengo ulilolisahau. Hiyo ni faida, maana amekuonyesha. Jioni ya 7 kaeni tena mkihesabu. Pasipotoka hata mmoja kwa jioni 2 mfululizo, ng'oa bomba na uzibe siku hiyohiyo, kabla ya magharibi.

Kusafisha kuna hatari yake. Kinyesi kikavu kilichorundikana kinaweza kuwa na fangasi aitwaye Histoplasma. Ukifagia, vumbi lake linaingia mapafuni. Zima meni swichi, kwa sababu nyaya za darini nyingi zina viungio vilivyo wazi. Vaa barakoa ya N95, ile ya kitambaa haitoshi, pamoja na glavu za mpira, miwani na nguo za mikono mirefu utakazoziloweka mara ukishuka. Kanyaga kenchi tu. Kisha lowesha kinyesi kwa bomba la kupulizia dawa shambani, ukiweka maji yenye sabuni kidogo. Kama dari ni ya jipsamu, pulizia ukungu tu, robo mita ya mraba kwa wakati, na ukichote hapohapo kwa kibao cha plastiki; jipsamu ikinywa maji hubeba uzito wake na wa kinyesi ikaporomoka. Weka kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wanaotaka kukifanya mbolea wakichanganye na majani makavu kikae miezi kadhaa, maana kikiwekwa kibichi kinaunguza mchicha.

Popo akiingia chumbani, kitu cha kwanza ni kuzima panga boi. Watoto watoke, milango ya ndani ifungwe, taa ya chumbani izimwe na mlango wa nje uachwe wazi. Madirisha yetu yana nyavu, kwa hiyo kufungua kioo hakumsaidii. Mara nyingi anatoka ndani ya robo saa. Akitua ukutani, vaa glavu nene za ngozi, mfunike kwa kopo au boksi, pitisha karatasi ngumu chini yake, umpeleke nje na umweke juu ya shina la mti, urefu wa kichwa. Ukimwacha chini, paka atamkuta.

Asishikwe kwa mkono mtupu, hata akiwa amekufa. Kichaa cha mbwa huku kwetu hutokana zaidi na mbwa, lakini popo wa Afrika wana virusi vya ukoo uleule. Mwaka 2007 daktari mmoja raia wa Uholanzi alijeruhiwa kidogo puani na popo huko Tsavo Magharibi, Kenya. Alifariki Desemba mwaka huohuo kwa virusi vya Duvenhage. Meno ya popo ni madogo kiasi kwamba jeraha linaweza lisionekane. Kwa hiyo aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, asipake mafuta ya taa wala tumbaku, na aende hospitali siku hiyohiyo aeleze wazi kuwa ni popo. Mtoto mchanga, au mtu aliyelala fofofo bila chandarua, akikutwa chumba kimoja na popo, apelekwe vilevile. Kuhusu Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na 2025, popo anayehusishwa nayo ni wa matunda, anayeishi mapangoni. Kwa hiyo wanaotembelea mapango ya Amboni wafuate njia za waongozaji na wasivishike vinyesi wala kuta zenye unyevu. Popo wa bati ni aina nyingine.

Kama kishindo cha darini ni kizito, cha mnyama anayetembea, nyunyiza unga karibu na tundu usiku mmoja uone nyayo. Kanu huacha kinyesi chake mahali pamoja, rundo juu ya rundo. Komba utamjua kwa kilio chake kinachofanana na cha mtoto. Wote hupitia matawi, hivyo kata matawi ya mwembe na mkungu yawe mita 2 kutoka kwenye paa. Usiwatege wala kuwaua: wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na wa kumwita ni afisa wanyamapori wa halmashauri. Nyuki waachieni wafuga nyuki.

Dohani, yaani njia za moshi zinazotokeza juu ya paa, tunazo chache, nyingi ziko kwenye matanuri ya mikate na nyumba za zamani za Lushoto zenye mahali pa kuotea moto. Humo huingia bundi, ndege na wakati mwingine popo. Moto usiwashwe kumtoa mnyama. Ataungua, na kiota kikiwa kimeziba njia, moshi na gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu vitarudi ndani na kuua waliolala. Bundi si mkosi. Ni mla panya aliyekosa shimo la mti. Funga sahani ya chini ya dohani, yaani kifuniko cha chuma cha kufungia njia ya moshi, fungua ya juu kama ipo, mwachie usiku 2 au 3 atoke. Akishatoka, na kiota kikiwa hakina mayai wala makinda, toa vijiti, kisha funika mdomo kwa kofia ya bati iliyoinuliwa sentimita 20 na kuzungushiwa waya wa nusu inchi. Waya wenye matundu madogo kuliko hayo huziba kwa masizi. Na hata huo wa nusu inchi upanguswe kwa brashi ya waya kila baada ya miezi 3 kama tanuri linawaka kila siku.