Saa Mbili Usiku

Barua ilikuwa na kurasa kumi na nne. Kijana aliyeniletea alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. "Mama, nisomee yote. Usiruke hata neno." Mimi ni mkalimani, kutoruka neno ndiyo kazi yangu, lakini jioni ile nilitamani kuruka.

Ombi lake la hifadhi ya ukimbizi lilikuwa limekataliwa kwa sababu maofisa hawakumwamini. Katika usaili wa kwanza, iliandikwa, alisema wavamizi walikuja saa nane za usiku, watu wamelala. Katika wa pili alisema walikuta familia inakula. Tena alisema baba yake aliuawa, kisha akasimulia jinsi baba yake alivyompigia simu akiwa njiani anakimbia.

Nikaweka barua chini. Ulisema nini hasa, mwanangu?

"Nilisema saa mbili usiku. Na aliyeuawa ni baba mdogo."

Wewe unayesoma hapa umeshaelewa. Mkalimani wa siku ile, aliyekuwa kwenye simu, aliichukua ile mbili ikaenda kama ilivyo kwenye saa ya wenzetu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane, na "mdogo" akaiacha njiani. Neno la watu wamelala sijui lilitoka wapi. Kijana anaapa hakulisema. Kwa hayo mtu akaandikwa mwongo.

Ndiyo maana inaniuma nikisikia mtu anasema, "Kama alikataliwa, basi hakuwa mkimbizi." Wapo wasiotimiza masharti, sikatai. Lakini wengi ninaowasomea barua wamekataliwa kwa tarehe zilizopishana, au kwa jambo la aibu walilolificha mara ya kwanza mbele ya mgeni.

Kuanzia hapo siku zinahesabiwa. Rufaa ina muda wake, na kila nchi ina sheria yake. Kwingine ni wiki chache, kwingine ni siku tu. Nimeona watu wakikaa na bahasha chini ya mto kwa hofu, hawana wakili, barua iko kwa lugha wasiyoisoma, na muda ukapita. Ukishapita, kufungua tena shauri kwa kawaida kunadai ushahidi mpya, nawe ulikimbia bila hata cheti cha kuzaliwa.

Halafu maisha yenyewe. Chumba na posho vinaweza kukatwa. Kazi mara nyingi huruhusiwi. Unatakiwa kwenda kuripoti na kutia sahihi, na siku yoyote ya sahihi inaweza kuwa siku ya kuzuiliwa. Kijana huyu kila akienda kuripoti hubeba dawa zake na chaja, na namba ya wakili ameiandika mkononi kwa kalamu, maana simu inaweza kuchukuliwa. Wengine hata kurudishwa haiwezekani, kwa sababu ubalozi wa kwao unakataa kuwapa hati ya kusafiria. Hao hukaa miaka, kukaa hawaruhusiwi na kuondoka hawawezi.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Ibara ya 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984, Ibara ya 3, unakataza kumpeleka mtu yeyote anakoweza kuteswa. Nazipenda ibara hizi kwa dhati. Ila zote mbili zinasubiri kwanza mtu aeleweke alichosema.

Rufaa imewasilishwa ndani ya muda. Nilimwandikia wakili kurasa mbili: moja ya saa, moja ya baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Mahakamani atakuwa mkalimani mwingine, na hilo ndilo linalomnyima kijana usingizi.

"Sasa nikiulizwa, Mama, niseme saa ngapi?"

Sema saa mbili usiku, kama ulivyosema, nikamjibu. Kisha wasimamishe, uwaambie jua lilikuwa limetua kama saa mbili zilizopita.