Kikombe si robo

Ramadhani yangu ya kwanza hapa Columbus, Ohio, ilinikuta sina mizani. Nilikuwa na vikombe vya plastiki vya kupimia walivyoviacha wapangaji wa kabla yangu, na sauti ya mama kwenye simu kutoka Tanga: "Unga kilo, sukari robo, tui nusu lita, hamira kijiko, iliki kadiri ya mkono wako."

Maandazi nayajua tangu utotoni, ila kupima ilikuwa kazi ya mama. Hesabu nikaipiga kichwani. Kwetu kikombe ni robo. Ukirudi dukani na mchele nusu kilo, ukiupima unatoka vikombe viwili, hakuna mjadala. Kwa hiyo kilo ya unga ni vikombe vinne, sukari kimoja, tui viwili. Nikaanza kukanda, mkono ukazama kama kwenye uji.

Kikombe cha Marekani ni mililita 237. Kikijaa maji, hayo ni kama gramu 237. Kikijaa sukari ni 200. Unga wa ngano uliotiwa humo kwa kijiko, polepole, ni 120 au 125 tu, maana zaidi ya nusu ya kikombe hicho ni hewa. Kumbe vikombe vyangu vinne vilikuwa nusu kilo, nami nimeshamimina tui la kutosha unga kilo nzima na sukari inayokaribia kuutosha unga huo! Unga ulikuwa umekwisha, adhana inakaribia. Nikaudondosha ule uji kwenye mafuta, nikauita kalimati. Sukari ikaungua nje, ndani kubichi. Wageni wangu walikula kimyakimya, na Mtanga akila kimya ujue kuna jambo.

Kesho yake nikanunua mizani ya jikoni. Hapo ndipo nikaona kwamba hata kikombe kilekile hakitulii: ukikichovya kwenye mfuko wa unga na kukigongagonga, kinafika gramu 150. Aunsi nazo zina uhuni wao. Zilizo kwenye kopo la tui, 13.5, ni za ujazo, jumla mililita 400. Zilizo kwenye pakiti ya nazi kavu ni za uzito, kila moja gramu 28. Jina moja, na wala hawaoni haya.

Ajabu ni kwamba jambo hili tunalijua tangu madrasa. Zaka ya fitri ni pishi, yaani vibaba vinne, na pishi ni chombo, si jiwe la mizani. Ndiyo maana watu wakiuliza ni kilo ngapi, jibu linafuata chakula chenyewe: pishi ya mchele ina uzito wake, ya unga ina wake. Niliyasikia hayo kila mwaka, yakaishia msikitini, jikoni hayakufika.

Nilipotaka kupika vitumbua, ambavyo mama huvipima kwa kikombe chake cha bati chenye maua, nikamwomba akipeleke dukani kikapimwe. "Mwanangu, umeanza kunipeleka kwenye mizani uzeeni?" Akaenda hata hivyo. Mwenye duka akapima mchele: gramu 250. Sukari: 250. Kwa hiyo kikombe ni robo kweli, ila ni kikombe kile, kikubwa kuliko changu karibu kwa robo nzima, na ni mchele au sukari. Nikamsihi apime na unga. Ukatoka 160. Mama mwenyewe akashangaa, kwani unga hajawahi kuupima kwa kikombe maishani mwake. Huununua kwa kilo na kuumwaga wote kwenye sinia.

Namba hizo tatu nimezibandika kwenye friji. Vitumbua vinatoka vizuri sasa, nimefanya hivyo mwaka mzima. Juzi mama ananiambia kile kikombe kimetoboka, siku hizi anatumia kingine.

"Kikubwa au kidogo?"

"Kikombe tu, mwanangu."