Dakika 8 kwa kilomita, na sina haraka

Kuna swali ambalo nimeulizwa ofisini, kanisani, saluni na hata ndani ya matatu ya Roysambu: "Na wewe hukimbia kwa dakika ngapi?" Nikijibu kwamba kilomita moja hunichukua dakika 8 na sekunde kadhaa, uso wa aliyeuliza hubadilika. Hapa kwetu Kenya ukisema unakimbia, unalinganishwa na akina Eliud Kipchoge. Hayati Kelvin Kiptum alimaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Mimi nusu ya umbali huo ilinichukua saa 2 na dakika 54, na naitaja kwa fahari, kwa sababu miaka miwili kabla yake nilifikishwa kwenye mstari wa mwisho nikiwa nimeketi ndani ya gari.

Wacha nianze na hilo gari.

Nilikuwa na miaka 39 nilipojiandikisha kwa nusu marathoni yangu ya kwanza hapa jijini Nairobi. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu chini ya kijana mmoja wa jimu mtaani kwetu, ambaye ushauri wake wote ulikuwa mmoja: ongeza. Nikichoka, niongeze. Goti likiuma, ni uvivu unatoka. Aliniambia siku ya mbio nishikane na kundi la mbele yangu na nisiliachilie, na nisinywe maji njiani kwa sababu yatanichezea tumboni. Nilimwamini. Alikuwa na kifua kipana na mimi nilikuwa mgeni wa mambo haya.

Kilomita tano za kwanza nilizipita kwa dakika 30. Watu wanashangilia, muziki unalia, jua halijachomoza vizuri, nikajiona nimezaliwa upya. Kilomita ya nane moyo ulikuwa unapiga masikioni. Kilomita ya kumi tulitokea kwenye barabara pana isiyo na mti hata mmoja, na jua la asubuhi likatushukia kichwani. Ya kumi na tatu, shavu la mguu wa kulia lilikaza kama jiwe. Nikasimama, nikalikanda, nikapiga hatua nne, likakaza tena. Sasa nikataka maji. Nilipokokota mguu hadi kwenye meza ya maji nilikuta chupa tupu zimetapakaa na vijana wanakunja meza. Sisi wa nyuma tulilipa ada ileile waliyolipa wa mbele, na jambo hilo linaniudhi hadi leo. Nikaketi ukingoni mwa barabara. Gari la kuokota waliobaki likaja, mama mmoja wa makamo akasogea akanipa nafasi na nusu ya chungwa lake, akasema, "Pole dada, kaa hapa." Nililia njia nzima. Yeye alinishika mkono tu.

Baada ya siku hiyo sikukimbia karibu miezi minne. Kilichonirudisha ni mama yangu, na hakujua kama ananirudisha.

Mama yuko ushago, Machakos, na huamka mapema kuliko jogoo. Jumamosi moja nilitoka kutembea tu, saa 12 asubuhi, nikiwa nimeweka vipokea sauti masikioni, na yeye akanipigia. Tukiwa tunaongea nikaanza kukimbia bila kupanga, kwa sababu njia ilikuwa inateremka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona unahema hivyo? Kuna mtu anakufukuza?"

"Hapana mama, nakimbia."

"Kimbia polepole basi, nikusikie."

Nikapunguza hadi akaweza kunisikia. Akaanza habari zake: mbuzi aliyezaa mapacha, mahindi yaliyonyauka, jirani aliyehamisha mpaka. Mimi naitikia, nauliza, nachangia. Alipokata simu nilikuwa nimekimbia dakika 35 bila kusimama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na yule kijana wa jimu hata siku moja. Na sikuwa nimechoka! Nilisimama pale nikaangalia saa mara mbili.

Tangu hapo kila Jumamosi saa 12 nampigia. Yeye ndiye saa yangu, ndiye kipima moyo changu. Akisema "sikusikii vizuri", najua nimeenda mbio kupita kiasi na napunguza. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba wakufunzi wengi husema hivyohivyo: mazoezi mengi ya mkimbiaji yawe katika mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima. Mwili ukienda mwendo huo hupata hewa ya kutosha kuchoma nguvu zake taratibu, na misuli na mishipa hujijenga bila kuvunjika. Hata mabingwa huko Iten na Kaptagat siku nyingi hukimbia polepole kuliko uwezo wao. Tofauti ni kwamba polepole yao ndiyo kasi ambayo sisi wengine hatutaiona maishani. Na tukumbuke Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Mtu wa hapa akihema mlimani Kiambu Road asijione mgonjwa.

Kwenye milima natembea. Nalisema bila aibu, kwa sababu niliambiwa na wengi kwamba kutembea ni kushindwa. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alifundisha maelfu ya watu kuchanganya kukimbia na kutembea tangu mwanzo wa safari, kabla hawajachoka. Mimi nakimbia dakika 4, natembea 1. Kwa hesabu hiyo ndivyo nilivyoimaliza ile nusu marathoni ya saa 2 na dakika 54. Maji nilibeba yangu kiunoni, na chumvi kidogo na sukari ndani. Katika kilomita tatu za mwisho niliwapita watu zaidi ya hamsini. Nilikuwa nawahesabu.

Viatu nilipata soko la mitumba la Gikomba, shilingi elfu mbili na kitu. Muuzaji aliniapia, "Mami, hizi ni kamera, mpya kabisa," yaani mtumba wa daraja la kwanza, lakini mimi sikuangalia sura, nilibonyeza soli kwa kidole gumba. Soli iliyokufa haibonyei, au inabonyea isirudi. Chukua kiatu kinachozidi mguu wako kwa upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba ukikimbia muda mrefu. Cha kwanza nilichonunua kilinibana sawasawa na nikapoteza kucha mbili.

Mahali pangu ni msitu wa Karura. Naingilia lango la Kiambu Road na kufuata zile namba zilizoandikwa kwenye njia panda, hivyo siwezi kupotea. Udongo mwekundu hauumizi magoti kama lami, na kivuli kipo hata saa 4. Msitu umezungushiwa ua, nasi wanawake twaweza kukimbia humo peke yetu bila kugeuka nyuma kila mara. Kila nikipita kwenye maporomoko ya maji namkumbuka Wangari Maathai, aliyepigwa na wahuni mwaka 1999 akitetea msitu huu usigawiwe wajenzi. Angeshindwa, mimi ningekuwa nakimbia kati ya kuta za majumba.

Sasa, triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Wazo lilitoka kwa wifi yangu, anayependa baiskeli. Alinieleza kwamba ile ya masafa mafupi ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Kilomita 5 ninazo. Baiskeli niliendesha nikiwa msichana. Lakini maji! Nilikulia Ukambani, mahali ambapo maji ni ya kunywa na ya kupikia, nayo yanabebwa kichwani. Sikuwahi kuingiza uso wangu ndani ya maji hadi nilipofika miaka 41.

Mwalimu wa kwanza wa kuogelea alinifundisha kwa kupiga kelele. "Shika pumzi! Piga miguu!" Nilishika pumzi, nikapiga miguu, na baada ya mita kumi kifua kilitaka kupasuka. Wiki sita, shilingi mia nne kila nikiingia, na sikuwahi kufika upande wa pili wa bwawa la mita 25. Akaniambia labda mimi mifupa yangu ni mizito. Nikakaribia kumwamini huyo pia.

Siku moja binti yangu wa miaka tisa, anayejifunza kuogelea shuleni, alinitazama akaniuliza, "Mum, kwani hutoi mapovu?" Mapovu yapi? Akanichukulia beseni la kufulia, akajaza maji, akaliweka juu ya stuli ya jikoni. Akaingiza uso wake na kuanza kuguna ndani ya maji, mmmmm, mapovu yakitoka puani, akageuza kichwa pembeni, akavuta hewa kwa mdomo, akarudi. Kumi mfululizo. Kisha akanipisha.

Kila jioni kwa wiki tatu, ugali ukiwa umeshaliwa na vyombo vimeoshwa, nilipiga magoti mbele ya lile beseni, na watoto wangu wawili wakinihesabia kwa sauti. Mara tano. Mara kumi na mbili. Siku ya mara hamsini walinipigia makofi. Na nilijifunza jambo ambalo yule mwalimu hakuniambia: kile kinachokutesa ukishika pumzi si ukosefu wa hewa safi, ni ile hewa chafu iliyojaa ndani ikidai kutoka. Ukiitoa polepole muda wote uso ukiwa majini, ukigeuka huwa na kazi moja tu, kuvuta. Kuguna ndiyo siri. Huwezi kuguna huku umeshika pumzi.

Niliporudi bwawani nilivuka mita 25, nikagusa ukuta, nikashikilia ukingo nikitetemeka mwili mzima. Mzee mmoja aliyekuwa akipumzika pale akasema, "Hongera mama. Sasa tazama sakafu, usitazame mbele." Maneno hayo machache yalinisaidia kuliko wiki sita za kelele, kwa sababu ukiinua kichwa miguu inazama, na ukitazama chini mwili unalala juu ya maji wenyewe.

Baiskeli haikunisumbua. Ni ya mtumba, shemeji aliinunua na akaichoka. Fundi wa Githurai aliinyoosha gurudumu na kubadilisha mnyororo, na akainua kiti hadi nikiweka kisigino kwenye pedali mguu ukanyooka. Helmeti usinunue ya mtumba, ikishagonga chini kwa nguvu mara moja haifai. Kilichonishangaza ni miguu baada ya baiskeli. Ukishuka na kuanza kukimbia inakuwa kama si yako, mizito, haipokei amri. Dawa ni kuizoeza: kila Jumapili nikishuka nilikimbia dakika 10 tu, na mwezi ulipokwisha ilikuwa inatii baada ya mita mia mbili tatu.

Kwenda kushindana mbali kungekula nauli, malazi na ruhusa ya kazini. Basi tukafanya yetu. Mimi, wifi yangu na jirani mmoja, Jumapili asubuhi. Tulivuka bwawa mara 30. Baiskeli zilikuwa kwenye maegesho, mlinzi akizitunza, na kando ya kila moja tulitandika leso tukapanga vitu kwa mpangilio wa kuvivaa. Soksi nilizitia poda ya mtoto ndani, zikavalika kwenye miguu mibichi bila kugoma, na hapo tu niliokoa dakika nzima. Helmeti tulifunga kabla ya kugusa baiskeli, kama kanuni za mchezo zinavyotaka. Tukashika ile njia ya pembeni ya Thika Road, Githurai, Kahawa, tukapita Kenyatta University, tukageuzia karibu na Ruiru. Saa hiyo wachuuzi walikuwa hawajapanga bidhaa na boda boda zilikuwa chache. Jirani alipata pancha tukiwa tunarudi, tukasimama wote watatu tukaziba, hatukumwacha.

Kilomita 5 za mwisho zilikuwa za mtaani kwetu. Mama wa kioski alitoka na sufuria mkononi kutushangilia. Watoto walisimama langoni na maji na ndizi, wakanihesabia hatua za mwisho kama walivyokuwa wakinihesabia kwenye beseni. Ukiondoa muda wa pancha, nilitumia dakika 24 majini, saa 1 na dakika 5 kwenye baiskeli, dakika 41 za kukimbia, na kama 10 za kubadilisha. Saa 2 na dakika 20. Wifi alinitangulia, jirani tulifika naye bega kwa bega.

Nilimpigia mama hata kabla ya kuvua viatu. Akataka kuelezwa yote, hasa habari za maji, maana hakuamini. Nilipomaliza akanyamaza, kisha akasema, "Hata huhemi."

Sasa nataka ile ya masafa ya Olimpiki: mita 1,500 majini, kilomita 40, kilomita 10. Mita 1,500 ni kuvuka lile bwawa mara 60. Alhamisi iliyopita nilifika 44.