Nilivyohesabu madirisha alfajiri mpaka bili ya joto ikashuka

Nimechoka kuambiwa kwamba nyumba ikiwa na baridi, dawa ni kuongeza moto. Jengo letu hapa Helsinki, ghorofa 4 za miaka ya 1970, limenionyesha kinyume chake.

Hapa joto halipikwi ndani ya jengo. Maji ya moto yanatoka kwenye mitambo ya mji, yanapita mabombani chini ya barabara, yanafika chumba cha chini, yanayaachia joto maji yetu yanayozunguka kwenye radieta (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba), kisha yanarudi yalikotoka. Ukutani nje kuna kihisi: baridi ikizidi, radieta zinapelekewa maji ya moto zaidi. Gharama tunagawana kwa mita za mraba. Anayelala dirisha wazi na anayejikunyata ndani ya mablanketi, nyumba zikilingana, wanalipa sawa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nyumba zetu zimegawanyika kwa ngazi, A, B na C, kila ngazi na mlango wake. Ngazi C, iliyo mbali na chumba cha mitambo, watu walikuwa wanaganda. Mama mmoja Mkongo alinisimamisha mlangoni: "Ndugu yangu, watoto wangu wanalala na makoti, na wewe uko kwenye kamati ya jengo!" Sikuwa na jibu. Tukamwita fundi, akapandisha joto la maji, akaondoka zake. Ngazi C ikatoka nyuzi 18 ikafika 19, na bili ya mwezi ule sitaki hata kuikumbuka. Tukashauriwa kununua themostati mpya jengo zima, vile vifaa kwenye radieta vinavyohisi joto la chumba na kufungua au kufunga maji. Maelfu ya euro yakaenda, baridi palepale. Mwingine akaja na ushauri wa kupunguza joto la maji ya kuogea. Huyo nilimkatalia katakata: maji ya moto hapa hayaruhusiwi kushuka chini ya nyuzi 55, kwa sababu bakteria wa lejionela wanastawi kwenye maji ya uvuguvugu.

Ndipo likanijia wazo ninalojivunia mpaka leo. Januari, nje nyuzi 15 chini ya sifuri, niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachukua daftari na tochi, nikalizunguka jengo taratibu nikihesabu madirisha yaliyo wazi. Kwenye baridi ile hakuna anayefungua dirisha kwa starehe. Anafungua kwa sababu ndani anaungua. Ngazi A madirisha 9. Ngazi B 3. Ngazi C, hata moja! Nikarudia asubuhi nne mfululizo, hesabu ikawa karibu ileile. Kisha nikanunua vipimajoto vya bei rahisi, nikavigawa nyumba kwa nyumba, kila mmoja akaniandikia kwa wiki nzima. Ngazi A nyuzi 24, wengine 25. Ngazi C 18.

Kumbe joto lilikuwepo tele, ila lilikuwa limegawanywa vibaya. Maji hufuata njia nyepesi: radieta za karibu na pampu zinakunywa kwanza, za mbali zinaambulia mabaki. Ukipandisha joto, wa karibu anazidi kufungua dirisha, na wote mnapasha hewa ya barabarani.

Niliweka daftari mezani kwenye mkutano mkuu na hakuna aliyebisha. Akaja fundi anayejua kazi, akapiga hesabu ya kila radieta, akabana valvu za ngazi A, akalegeza za C, akatoa hewa iliyonaswa ndani ya radieta. Bahati nzuri valvu zetu zilikuwa za kupangika, kwa hiyo tulilipa kidogo kuliko tulichotupa kwenye themostati. Baada ya hapo tukashusha joto la maji kidogo kidogo, wiki kwa wiki, hadi nyumba zote zikatulia kwenye nyuzi 21 hivi. Msiache kulishusha! Mkisawazisha mgao wa maji tu bila kushusha joto lake, bili haitasogea. Na mapazia yasifunike themostati, itahisi joto lililonaswa hapo na kufunga radieta huku chumba kina baridi.

Bili ya majira yale ilipungua kama sehemu moja ya kumi. Januari iliyofuata nilitoka tena alfajiri na daftari langu: dirisha 1 tu, ngazi A. Jioni nikapita kwa mama wa ngazi C. Alinifungulia na kitenge chake tu mabegani, makoti ya watoto yametundikwa nyuma ya mlango.