Masaa 13 yaliyonisumbua

Ukuta wa nyumba yetu Goma ni wa mawe ya lava. Ukisogeza dira karibu nao, sindano inageuka na kusahau kaskazini. Hapo ndipo nilipoanza kupenda mambo ya sumaku.

Mwalimu wangu wa jiolojia alinipa faili la Ross, lile bamba la barafu linaloelea Antaktika, kubwa karibu kama Ufaransa. Vipimo vya sumaku ni vya mradi wa ROSETTA-Ice, 2015 hadi 2017: ndege ya mizigo ya LC-130 yenye skii, ikiruka kutoka McMurdo, kituo cha utafiti cha Wamarekani huko Antaktika, mistari ya safari ikiachana kilomita 10. Raha ya kazi hii ni kwamba barafu na maji havina sumaku ya kusumbua. Magnetometa, kifaa cha kupima sumaku, inapita juu, inasoma mwamba ulioko chini kabisa.

Ramani yangu ya kwanza ilijaa michirizi iliyonyooka kama matuta ya maharage. Nikaapa ni miamba.

"Mwanangu," mwalimu akacheka, "mwamba gani unajua ndege ilipita wapi?"

Mkosaji alikuwa jua. Karibu na ncha ya dunia, mikondo ya umeme ya angani inayochochewa nalo huyumbisha sumaku kutwa nzima, kwa hiyo kwenye usomaji wa ndege inabidi utoe ule wa kituo cha ardhini kinachopima sumaku, dakika kwa dakika. Nikatoa. Michirizi ikazidi! Usiku tatu nilirudia, umeme ukikatika na betri ikilia. Usiku wa nne ndipo nilipoziangalia saa: ndege ilihesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kituo kwa saa za McMurdo, ambazo ni za New Zealand. Masaa 13 mbele, wakati wa kiangazi chao. Na mimi nimekua nikimwambia mama saa mbili huku shuleni, kwa Kifaransa, wakiiita saa nane!

Nikarekebisha. Michirizi iliyobaki niliifuata kwenye makutano, pale mistari inapokatana: mwamba ni uleule, basi namba zikipishana, zinasawazishwa. Programu ya ramani ya GMT (Generic Mapping Tools, si ile saa ya Greenwich), ambayo ni ya bure, inayatafuta makutano yenyewe. Mstari mmoja ulikataa katakata, nikautupa bila huruma.

Katikati ya bamba ukajitokeza ule mpaka walioueleza watafiti mwaka 2019: miamba ya Antaktika Mashariki huku, ya Magharibi kule. Nikampelekea mwalimu ramani. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hivi McMurdo ni saa ngapi?"