Siku moja Mji wa Kale, Mombasa

Anzeni saa mbili asubuhi pale Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, jua lingali pole. Mkichelewa hadi adhuhuri, maduka mengi yatakuwa yamefungwa kwa swala na chakula, na Ijumaa hali huzidi.

Kutoka hapo shikeni barabara ya Ndia Kuu, kwa miguu. Gari litawasumbua, kwani vichochoro ni vyembamba na tuktuk hupita bila kungoja. Milango ndiyo ya kutazamwa polepole. Simama karibu na fremu: ukingoni utaona mnyororo uliochongwa, kiungo kwa kiungo, na katikati ya mbao mbili upo mfaa, boriti linaloziba mwanya. Juu yako baraza za mbao za ghorofani zinaonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi.

Msikiti wa Mandhry, wa 1570, utambueni kwa mnara wake mweupe uliochongoka. Hekalu la Wajaini huko Langoni lina marumaru; vueni viatu, na mikanda ya ngozi ibaki nje, maana ngozi hairuhusiwi ndani. Wanawake wabebe mtandio.

Msiwapige picha akina mama wa buibui bila ruhusa. Bei ya mwongozaji ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza, la sivyo mtagombana mwishoni.

Njaa ikiuma, tafuteni mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Jioni ni zamu ya viazi karai na ukwaju.