Askari Gani?

Ukiletewa picha ya maandamano ya Kampala, anza kichwani. Bereti nyekundu ni polisi wa kijeshi, watu wa UPDF, jeshi la Uganda. Sare ya mabaka ya bluu ni FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia. Kaki ni polisi wa kawaida. Kisha shuka kwenye gari. Namba za polisi huanza na UP, za jeshi na H4DF. Ile Hiace ya vioo vyeusi ambayo watu wameibatiza "droni" mara nyingi haina namba ya kueleweka, na hilo nalo liandikwe.

Jioni redio itasema "askari wametawanya vijana", habari imeisha. Askari gani? Kiswahili chetu hapa kinamficha mtu: askari ni polisi, ni mwanajeshi, ni hata mlinzi wa duka, na wote ni afande. (Wazee wa Kampala bado wanakumbuka "panda gari", misako ya miaka ya 1980. Lugha hii iliwafikia ikiwa na bunduki.) Anayelipia uvivu huo ni mlalamikaji. Kitengo cha nidhamu cha polisi, PSU, hakimshughulikii mwanajeshi. Huyo hujibu kwa jeshi lake. Tume ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko juu ya wote wawili, lakini nayo itauliza: nani, wa kikosi gani, saa ngapi, wapi.

Mchanganyiko huu wa polisi na jeshi ulianzia juu. Mwaka 2001 Meja Jenerali Katumba Wamala alifanywa Inspekta Jenerali wa Polisi. 2005 akafuata Kale Kayihura, naye mwanajeshi, hadi 2018. Jeshi hufundishwa kumshinda adui. Kazi ya polisi ni kumkamata mtu akiwa hai na kumfikisha kortini ndani ya saa 48, kama Katiba inavyotaka.

Novemba 2020, baada ya mgombea urais wa upinzani, Bobi Wine, kukamatwa wilayani Luuka, maandamano yalizuka na serikali yenyewe ilitaja vifo 54. Barabarani walionekana pia watu wenye bunduki waliovaa kiraia. Hapo bereti haikusaidii. Piga kwanza picha pana yenye jengo au kibao, ndipo usogee. Picha ya karibu peke yake haionyeshi ni wapi. Faili la awali usilifute, maana picha ikipita WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali.

Na ukiandika, usiseme "risasi ilimpata kijana". Sema nani alifyatua; kama hajulikani, sema alivaa nini na alishuka gari gani.